Kabla ya kuikata rangi ya gari, ipitishe udongo

Mwaka 2019 nilinunua gari aina ya Toyota IST, jeupe, lililotengenezwa mwaka 2006 na kuletwa Dar es Salaam kwa meli kutoka Japani kama yanavyoletwa magari mengi tunayoyaona barabarani. Nililitunza kwa kadiri nilivyojua: kila Jumamosi asubuhi lilioshwa na kufutwa, na mara moja kwa mwezi lilipakwa polishi ya maji. Siku moja, katika mwaka wa tatu wa kuwa nalo, nilipitisha kiganja juu ya boneti mara tu baada ya kulikausha, nikahisi mkwaruzo kama wa ukuta uliopigwa plasta ambao haujapakwa rangi. Macho yaliona gari safi linalong'aa, kiganja kilikataa. Niliosha tena sehemu ile kwa sabuni zaidi, nikasugua kwa nguvu, nikakausha na kugusa tena, na mkwaruzo ulikuwa palepale.

Nilipolipeleka kwa watu wa kupiga polishi, jibu lilikuja kabla sijamaliza kueleza: "Bosi, hii rangi imekufa, inatakiwa ikatwe." Kwa wasiozoea lugha ya gereji, kukata rangi ni kuisugua kwa mashine inayozunguka, pamoja na dawa nzito yenye chembe za kusagia, mpaka tabaka la juu lipungue na uso mpya utokeze. Nilikubali waanze na boneti. Boneti iling'aa sana jioni ile, lakini baada ya majuma machache ukingo wake unaoelekea taa ya kushoto ulionyesha doa lililofifia, kubwa kama kiganja cha mtoto, ambalo halikushika mng'ao tena hata lipakwe nini. Mashine ilikuwa imekaa mno juu ya ukingo, mahali ambapo rangi huwa nyembamba zaidi, na ilikuwa imelimaliza tabaka la juu lote. Doa lile bado lipo. Naandika makala hii kwa sababu yake, kwani nilikuja kujua baadaye kwamba rangi yangu haikuwa imekufa hata kidogo. Ilikuwa imevamiwa na vitu vilivyong'ang'ania juu yake, na vitu hivyo vingeweza kuondolewa bila kuikata, kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi ya gari.

Ili kuelewa hasara ya kukata rangi ovyo, ni vizuri kujua ina unene gani. Rangi ya gari inayotoka kiwandani, tukihesabu kila kitu kuanzia praima iliyoshika bati hadi juu kabisa, kwa kawaida ina unene wa kati ya mikroni 100 na 150, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chukua karatasi moja ya fotokopi uishike kwa vidole viwili: huo ndio unene wa rangi nzima ya gari lako, au zaidi kidogo ya huo. Tabaka la juu lisilo na rangi, lile ambalo mafundi huliita klia, lina takriban mikroni 35 hadi 50 tu, yaani nusu ya karatasi ile au pungufu. Hilo ndilo linalobeba mng'ao, na ndilo lenye viambato vinavyozuia mionzi ya jua isiipaushe rangi iliyo chini yake. Klia haiongezeki kwa kupakwa polishi wala haioti kama ngozi. Kila inapokatwa hupungua, na ikiisha, dawa yake ni kupuliza rangi upya. Mtu anayekata rangi kila mwaka kwa sababu gari "limekuwa gumu mkononi" anatumia akiba ambayo haina mahali pa kujazwa.

Sasa, vitu gani vilikuwa vimeng'ang'ania juu ya boneti yangu? Nilipoinama na kuitazama kwa karibu wakati wa jua la asubuhi, niliona vidoadoa vidogo vya rangi ya chungwa, vingi mno, kila kimoja kikiwa kidogo kuliko kichwa cha sindano. Kwenye gari jeusi nisingeviona. Weupe ndio ulionifichulia siri. Ilikuwa kutu, lakini si kutu ya bati la gari. Upande wa pili wa ukuta ninapoegesha, jirani yangu ana karakana ya kutengeneza mageti na madirisha ya grili, na kutwa nzima mashine yake ya kukatia chuma hurusha cheche. Zile cheche tunazozitazama kama mapambo ni chembe za chuma cha moto. Inapotua juu ya klia, chembe ya namna hiyo huweza kuunguza kijishimo na kujizika humo kabla haijapoa. Kisha huja unyevu wa usiku na hewa ya chumvi ya pwani, chuma kinaanza kushika kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, chembe hutanuka ndani ya kijishimo chake na kushika zaidi. Maji na sabuni havina la kufanya hapo.

Huhitaji kuishi karibu na karakana ili upatwe na hali hii. Breki za gari lako lenyewe, kila unapokanyaga, hutoa vumbi lenye chuma ndani yake, na kwenye foleni ya Barabara ya Mandela au ya Morogoro unapokea vumbi la breki za malori na mabasi yaliyo mbele yako. Magari mapya yanayosafirishwa kwa treni katika nchi nyingine hupata chembe za reli na magurudumu, na tatizo hilo limejulikana na watengenezaji wa magari kwa muda mrefu.

Pamoja na chuma, kuna utomvu. Mwembe una kivuli kizuri na hakuna anayetaka kuliacha gari juani, lakini matone yake hukauka yakawa kama gundi. Kuna lami inayorushwa na matairi kwenye barabara inayotengenezwa, kuna ukungu wa rangi unaopeperushwa kutoka kwa fundi anayepuliza bodi nje ya kibanda chake, na kuna maji ya visima vyetu, ambayo katika mitaa mingi ya Dar es Salaam yana chumvi na madini, yakikaukia juu ya boneti yenye joto huacha duara jeupe. Kinyesi cha kunguru nakitaja peke yake kwa sababu watu hukichanganya na hayo mengine: hicho hakibaki juu, hula klia, na kikishaacha alama iliyozama hakuna udongo utakaoiondoa. Kiondolewe siku hiyohiyo kwa maji mengi na kitambaa kilicholowa.

Udongo ninaouzungumzia si ule wa mfinyanzi, ingawa unafinyangwa vilevile. Ni utomvu wa kutengenezwa viwandani, laini kama ule wa watoto wa kuchezea, uliochanganywa na unga laini sana wa madini ya kusagia. Ulitokea Japani, na mtu anayetajwa zaidi katika historia yake ni Tadao Kodate, ambaye katika miaka ya 1990 alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, nchini Marekani kwa kifaa hicho. Jina lililoandikwa kwenye hataza yake linastahili kukumbukwa na kila anayeushika, kwa sababu haliuiti udongo: linauita jiwe la kusagia la plastiki linalonyumbulika. Ni jiwe la kusagia. Ni jiwe laini na lenye adabu, lakini mtu akiliburuza juu ya rangi kavu, litafanya kazi ya jiwe.

Utendaji wake ni huu. Rangi inapokuwa imelowa kilainishi, udongo huelea juu ya utando mwembamba wa majimaji na haugusani na klia iliyo tambarare. Kinachochomoza juu ya utando huo, kama ile chembe ya chuma au tone la rangi ya kupuliza, hugongwa na udongo, hukatwa au kung'olewa, kisha hunata ndani ya udongo wenyewe na kuondoka nao. Mahali pasipo na kitu, udongo hupita. Hii ndiyo tofauti yake kubwa na mashine ya polishi, ambayo husaga kila kitu kwa usawa, chembe na klia pamoja, na huishia kuteremsha uso mzima ili tu kuufikia usawa wa uchafu.

Kabla ya kununua chochote, jaribu kwanza kama gari lako linauhitaji. Vidole vyetu vina ngozi ngumu na vinadanganya, kwa hiyo wazoefu huvaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na kupitisha ncha za vidole taratibu juu ya rangi iliyooshwa na kukaushwa. Plastiki hukuza mguso, na chembe ambazo hukuzijua husikika kama mchanga. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na sishauri mtu aitafute. Mimi hutumia mfuko uliofungashiwa mkate, nikiisha kuukung'uta makombo yote na kuusuuza. Nilimwita binti yangu, nikamfumba macho kwa mkono, nikamwambia apitishe vidole kwenye mlango wa nyuma, kisha kwenye boneti, na aniambie wapi kuna mchanga. Hakukosea hata mara moja.

Kazi yenyewe huanza na kuosha, na hapa ndipo watu wengi huharibu kabla hawajafika kwenye udongo. Ukipitisha udongo juu ya gari lenye vumbi, unachukua vumbi hilo na kuliburuza. Mimi humwaga maji mengi kwanza ili vumbi lianguke lenyewe, kisha natumia ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa, nikianzia paa na kuishia sehemu za chini zilizo karibu na matairi. Sabuni ya unga ya kufulia, ambayo vituo vingi vya kuoshea magari hupenda kwa sababu ya povu lake, naiacha kwa nguo. Lami hushughulikiwa kabla ya udongo: kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo kikibanwa juu ya doa kwa muda mfupi hulilainisha, kisha hufutwa na sehemu hiyo kuoshwa upya mara moja ili mafuta yasibaki kwenye rangi wala kwenye raba. Kazi hiyo ifanyike mbali na moto.

Kwa chuma kuna msaada mwingine ambao sikuujua mwanzoni na ambao ungenipunguzia nusu ya kazi. Ni dawa ya majimaji inayopulizwa juu ya rangi, yenye kemikali iitwayo thayoglikoleti, ambayo huungana na chuma na kugeuka rangi ya zambarau. Waliowahi kukaa saluni wakati wa kalikiti wataitambua harufu yake papo hapo, kwa kuwa ni jamii ya kemikali zilezile zinazotumika kubadili umbo la nywele. Unapuliza, unasubiri dakika chache bila kuiacha ikauke, na gari jeupe linaanza kutiririsha zambarau kana kwamba linavuja damu. Kisha unasuuza kwa maji mengi. Vaa glavu na uifanye kazi hiyo mahali penye hewa. Chembe nyingi ndogo huyeyuka na kuondoka kwa njia hiyo, na udongo unabaki na kazi ya zile zilizozama zaidi. Gari langu lilipopulizwa kwa mara ya kwanza, milango ya upande wa karakana ilitoka zambarau nzito, na ile ya upande wa pili ilitoka michirizi michache tu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo maandishi ya kwenye maboksi hayatusaidii sisi watu wa pwani. Maelekezo mengi husema udongo ulowekwe kwanza kwenye maji ya uvuguvugu ili ulainike. Yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Dar es Salaam mwezi wa pili, udongo ukiuweka kibarazani hulainika wenyewe mpaka unanata vidoleni, na ukiupitisha juu ya boneti iliyopigwa na jua utaacha michirizi ya utomvu ambayo ni kazi nyingine kuiondoa. Mimi hufanya kinyume: naweka kipande changu kwenye bakuli la maji baridi, naanza kazi saa kumi na mbili na nusu asubuhi chini ya kivuli cha ukuta, na naacha jua likinifikia. Bati lazima liwe la baridi mkononi. Hakuna sharti katika kazi hii ninalolishika kwa ukali kuliko hilo, isipokuwa lile la kilainishi.

Kilainishi ni majimaji ya utelezi yanayotenganisha udongo na rangi. Kipo cha dukani, kinachouzwa pamoja na udongo, na ukikipata kitumie. Kikiisha, kifuniko kimoja cha shampuu ya gari kwenye lita moja ya maji, ndani ya chupa ya kupulizia, kinatosha kwa kazi hii, ijapokuwa baadhi ya aina za udongo huchakaa upesi zikikutana na sabuni. Maji matupu hayatoshi. Kosa langu la kwanza lilikuwa ni ubahili wa kilainishi: nilipuliza kidogo, nikapitisha udongo, ukakwama ghafla kama kiatu cha raba kwenye sakafu ya marumaru, na nilipofuta nikakuta ukungu wa mikwaruzo myembamba mlangoni, inayoonekana jua likiwa upande. Tangu siku hiyo nalowesha sehemu hadi majimaji yatiririke, na nalowesha pia udongo wenyewe. Ukisikia mkono unavutwa, simama na upulize tena.

Kipande kinachouzwa mara nyingi huwa na gramu 100 au 200. Usikitumie kizima. Kigawe vipande vitatu au vinne, uchukue kimoja na kukikanda kama donge la chapati, kisha ukibonyeze kiwe bapa chenye upana wa vidole vitatu. Chagua eneo dogo, kama sentimita 40 kwa 40, lilowe vizuri, na upitishe udongo kwa mistari iliyonyooka, kwenda na kurudi, bila kuzungusha. Mistari iliyonyooka ina sababu: ikiwa kwa bahati mbaya utaacha mkwaruzo, mkwaruzo mnyoofu hauonekani kwa urahisi kama ule wa duara, na ni rahisi kuuondoa. Nguvu ni ile ya uzito wa vidole tu. Mwanzoni utahisi na hata kusikia udongo ukikwaruza. Ukiendelea, sauti inapungua, udongo unaanza kuteleza, na ghafla kunakuwa kimya kabisa. Kimya hicho ndicho ishara kwamba eneo hilo limekwisha. Futa kwa taulo laini la nyuzi ndogo, gusa kwa mfuko wa mkate, kisha nenda eneo linalofuata.

Geuza udongo na uutazame kila unapomaliza eneo. Wangu ulikuwa wa samawati ulipotoka kwenye boksi, na baada ya nusu ya boneti upande mmoja ulikuwa wa kahawia iliyokoza. Ukiona hivyo, ukunje kwa ndani, ukande, upate uso safi. Kuna wakati hakuna tena uso safi wa kupata, na hapo kipande hicho kimemaliza kazi yake kwenye rangi. Jambo moja halina mjadala: kipande kikianguka chini, hata kama ni kwenye sakafu ya saruji iliyofagiliwa, kitupwe. Punje moja ya mchanga iliyojificha ndani yake itachora mstari kutoka mwanzo wa mlango hadi mwisho. Ndiyo sababu ya kukigawa; kikianguka unapoteza robo, si kizima. Cha kwangu kiliponiponyoka nilikisuuza mara tatu na kukichunguza, nikatamani sana kukirudisha kazini, lakini nilikitupa, na ninaamini kilikuwa kitendo cha busara kuliko vyote nilivyofanya siku ile.

Si kila rangi inapaswa kuguswa na udongo. Rangi isiyong'aa kwa makusudi, ile ya ukungu ambayo siku hizi inaonekana kwenye baadhi ya magari, itapata mabaka yenye mng'ao usiotakiwa, na mabaka hayo hayarudi. Gari lililopulizwa rangi karibuni liachwe kwanza, angalau mwezi mmoja na ikiwezekana zaidi, mpaka rangi ikauke hadi ndani. Kwa rangi za zamani zisizo na klia, ambazo bado tunaziona kwenye magari mengi ya biashara, udongo utabeba rangi yenyewe kidogo, na mwenye gari jekundu akiona udongo wake umekuwa mwekundu asidhani ameharibu. Apunguze nguvu na asirudie mahali pamoja. Kuhusu mlango au bampa lililopigwa puti na kupulizwa upya mtaani, huko sina uhakika wa unene wala ubora wa klia iliyowekwa, hivyo mimi hupita mara moja tu, kwa kilainishi kingi, na kuridhika na nitakachopata.

Vilevile, udongo hauondoi mikwaruzo. Naona watu wakiununua kwa matumaini hayo na kisha kuulaumu. Mkwaruzo ni bonde, na udongo unashughulika na vilima tu. Duara za maji ya chumvi zilizoanza juzi unaweza kuzing'oa. Zilizokaa mwaka mzima zimekwisha kula klia, na siki iliyochanganywa na maji kwa nusu kwa nusu, ikiwekwa kwa muda mfupi na kusuuzwa, hufanya zaidi kuliko udongo. Baada ya hapo, kama bado kuna kasoro, ndipo polishi inapokuwa na haki ya kutumika, tena polishi laini, na kwa mkono kabla ya mashine. Sipingi polishi, wala sipingi mafundi wanaoijua. Ninachopinga ni kuifanya hatua ya kwanza kwa kila gari linalokwaruza mkononi, pasipo mtu yeyote kujaribu kwanza kung'oa kilichokaa juu.

Gari langu lilinichukua muda wa asubuhi mbili. Siku ya kwanza boneti, paa na vioo. Siku ya pili milango, mabawa na buti, na mwisho kabisa sehemu za chini nyuma ya matairi, ambazo huachwa za mwisho kwa sababu ndizo chafu kuliko zote. Vile vidoadoa vya chungwa viliondoka, isipokuwa vichache kwenye boneti vilivyokuwa vimeacha vijishimo vyeusi ambavyo sitavigusa tena. Mkono ulipopita juu ya mlango uliteleza kama juu ya glasi, na maji ya kusuuzia yalishuka kwa pamoja bila kuachilia matone kwenye kila chembe. Bei ya kipande cha udongo, dawa ya chuma na taulo mbili ilikuwa ndogo kuliko niliyolipa kukatiwa boneti peke yake.

Usiliache gari hivyo, hata kwa siku moja. Udongo unapoondoa uchafu huondoa pia nta yote iliyokuwepo, na klia inabaki uchi mbele ya jua na chumvi. Nilipaka nta siku hiyohiyo, mara tu kila sehemu ilipokauka. Nta ya asili inayosifiwa zaidi ni ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili, na ambayo huyeyuka kwenye joto la nyuzi zaidi ya 80 za Selsiasi, hivyo inavumilia bati letu la saa nane mchana kuliko nta nyingi nyingine za asili. Kwa gari linalolala nje mjini kwetu, hata hiyo haidumu sana. Mimi huirudia kila baada ya miezi miwili. Kinga za viwandani hudumu zaidi, na anayezipata azitumie. Faida ya nta si mng'ao tu: chembe inayotua juu yake ina kazi zaidi ya kuifikia klia, na kuosha kwa Jumamosi kunatosha kuiondoa.

Watu huniuliza kama ni mara moja au mara mbili kwa mwaka. Mimi siongozwi na kalenda, naongozwa na mfuko wa mkate. Kila miezi mitatu au minne nalijaribu gari sehemu nne au tano. Palipo na mchanga napapitisha udongo, palipo laini napaacha, kwa kuwa hata jiwe laini halina sababu ya kupita mahali pasipo na kazi. Tangu mwaka ule sijalazimika kulipitisha gari zima zaidi ya mara mbili.

Jirani yangu wa mageti nilimweleza yote, nikamwonyesha maji ya zambarau yakitiririka mlangoni. Alisikitika kwa dhati, akasema hakujua cheche zinafika mbali hivyo. Tulikubaliana kwamba asubuhi ambazo ana kazi ya kukata chuma ananiita kabla ya kuwasha mashine, nami nasogeza gari upande wa pili wa nyumba au nalifunika turubai safi. Mabaki ya udongo yaliyokwisha kuchafuka sikuyatupa. Yamo ndani ya kikopo chenye mfuniko, yamepuliziwa kilainishi kidogo yasikauke, na yana alama ya kalamu ili yasirudi kamwe kwenye rangi. Hayo ni ya kioo cha mbele. Kioo hakichoreki kwa urahisi kama klia, na mvua za masika zilipoanza, waipa zilipita juu yake bila ule mlio wa kuburuza niliokuwa nimeuzoea tangu siku nilipolinunua gari hili.